Kibubu cha chuma cha kusubu ni nini?

Kibubu chetu ni bubu kweli. Unatumbukiza hela, nacho hakisemi neno mpaka siku unakivunja. Marekani ya karne ya 19 ilikuwa na vibubu vya namna nyingine: ukikipa sarafu, kinakulipa kwa mchezo.

Vilitengenezwa kwa chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu ya mchanga. Vingi vimetulia tu, nguruwe au simba mwenye tundu mgongoni. Utamu uko kwenye vile vya mitambo.

Chukua kile cha tai, cha kampuni ya J. & E. Stevens ya Cromwell, Connecticut, chenye hataza (hati ya kumlinda mvumbuzi) ya 1883. Unamwekea tai sarafu mdomoni, unabonyeza kitufe chenye umbo la nyoka. Tai anainamia kiota, makinda yanainuka yakipanua midomo, na kifuko cha hewa kilichofichwa ndani kinatoa mlio. Sarafu imezama.

Mimi nakipenda zaidi kile cha Tammany, cha miaka ya 1870. Hakina hata kitufe. Mwanasiasa mnene amekaa kitini. Ukimwekea sarafu mkononi, uzito wake wenyewe unaushusha mkono hadi mfukoni, na kichwa kinaitikia kama anayeshukuru. Tammany Hall, jumuiya ya kisiasa, ndiyo iliyokuwa ngome ya siasa za rushwa New York enzi za bosi wake William Tweed, kwa hiyo mzazi alicheka, mtoto akaweka akiba.

Ni sanaa, ingawa hakuna aliyeiita hivyo wakati ule. Fundi alichonga mfano, ukakandamizwa mchangani, vipande vikasubiwa, vikaunganishwa na kupakwa rangi, kisha vikauzwa kama midoli. Ndiyo maana rangi ya vingi imekwanguka palepale kidole cha mtoto kilipokuwa kikibonyeza. Kwangu mimi mkwaruzo huo si kasoro.

Lakini si vyote vya kuchekea. Kuna kibubu cha mtu mweusi anayejitupia sarafu mdomoni huku macho yakizunguka. Wachina na Waayalandi nao walifanyiwa kejeli ya aina hiyo. Chuki iliuzwa kwa watoto kama mzaha, na ufundi wake ni uleule wa tai na makinda. Hilo ndilo linalouma.

Kwa kuwa vya asili vina bei, vya kuigiza vimejaa. Chuma kikipoa hunywea, karibu asilimia 1. Anayekitumia kibubu cha zamani kama mfano wa kusubia kingine hupata kilichopungua kidogo, hivyo mnunuzi mzoefu huja na rula. Halafu hupitisha ukucha kwenye maungio: ya zamani yamebanana, ya kuigiza mara nyingi ukucha unapenya.