Muuguzi Mfawidhi Hupimwa kwa Zamu Asiyokuwepo

Barua ya uteuzi huwa fupi. Inasema kuanzia tarehe fulani wewe ni Muuguzi Mfawidhi wa wodi ya watoto, au ya wazazi, au ya majeruhi, na utatekeleza majukumu hayo pamoja na mengine utakayopangiwa. Wodini utaitwa inchaji. Mara nyingi hakuna kozi iliyotangulia barua hiyo. Sababu ya kuteuliwa nayo kila mtu anaijua: wewe ndiye unayepata mshipa wa kichanga ambaye wenzako wamemchoma mara mbili wakakosa, na wewe ndiye daktari wa zamu huuliza kama upo kabla hajauliza kitu kingine.

Sifa hizo ni nzuri, ila ni sifa za muuguzi hodari, na uongozi unadai mengine. Hapo ndipo wengi tunaowafundisha hukwama miezi ya mwanzo. Inchaji mpya akiona kazi haiendi kwa kasi anayoitaka, anaishika mwenyewe. Atatundika dripu, atahesabu dawa, atakimbiza sampuli maabara, na atarudi nyumbani usiku akiwa hoi. Wodi nzima inamsifu. Siku akienda likizo, ufunguo wa kabati la dawa zinazodhibitiwa haujulikani uliko, mtungi wa oksijeni umeisha na hakuna aliyeagiza mwingine, kwa kuwa mambo hayo yote yalikuwa kichwani mwake.

Florence Nightingale, ambaye siku yake ya kuzaliwa, Mei 12, ndiyo Siku ya Wauguzi Duniani, aliliona tatizo hili mapema. Wengi wanamkumbuka kwa taa aliyotembea nayo usiku katika hospitali ya jeshi kule Scutari, wakati wa Vita vya Crimea. Mimi humkumbuka zaidi kwa jambo aliloliandika katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859: kwamba matunda yote ya uuguzi mzuri yanaweza kuharibiwa na kasoro moja, nayo ni kutojua kupanga mambo ili yale unayoyafanya ukiwepo yafanyike hata usipokuwepo. Taa inachoreka vizuri kwenye fulana za maadhimisho. Maneno hayo hayachoreki, labda ndiyo maana yamesahaulika.

Kwa hiyo anayetaka kujua inchaji fulani ni kiongozi wa namna gani asiende wodini saa tatu asubuhi wakati wa raundi ya madaktari. Aende saa nane usiku. Je, muuguzi aliyepo anajua ni mgonjwa yupi aliyebadilika hali mchana? Anajua daktari wa zamu ni nani na anapatikana vipi? Troli ya dharura ilikaguliwa, au itagundulika haina dawa pale mtu anapokata pumzi? Na akiona jambo asilolielewa, atathubutu kumwamsha mtu?

Majibu ya maswali matatu ya kwanza hupatikana kwenye makabidhiano ya zamu. Makabidhiano yanayofanyika mezani, kwa kusomeana daftari, huwa ya haraka na hupoteza mengi. Inchaji anayejua kazi yake huwazoesha wauguzi wanaotoka na wanaoingia kupita pamoja kitanda kwa kitanda, wakiangalia dripu, kidonda na chati ya dawa kwa macho yao. Kuna faida nyingine isiyotajwa sana, kwamba mgonjwa naye anasikia. Ukisema amekwisha kupewa dawa ya saa nane mchana na hakupewa, atasema palepale.

Swali la nne ndilo zito. Kwenye wodi nyingi bado tunadhani kumfokea muuguzi mdogo mbele ya wagonjwa ndiyo ukali wa kazi. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alichunguza makosa ya dawa katika wodi nane za hospitali mbili nchini Marekani. Alitarajia kwamba wodi zenye ushirikiano na zenye inchaji anayesifiwa na watu wake zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume chake: wodi hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye rekodi. Alipochimba aligundua sababu. Kwenye wodi zenye inchaji anayesikiliza, wauguzi waliyasema makosa yao. Kwenye wodi za inchaji anayeogopwa, waliyaficha.

Tangu niusome utafiti huo, daftari la matukio lisilo na tukio hata moja kwa mwaka mzima hunitia wasiwasi kuliko lililojaa. Muuguzi aliyetoa dozi isiyo sahihi akaogopa kusema amemnyima mgonjwa saa ambazo angeweza kuokolewa, na wodi nayo haijifunzi kitu.

Kusikiliza huko hujifunzwa kwa mazoezi. Kosa likitokea, kwanza ni mgonjwa: daktari aarifiwe, hatua zichukuliwe, iandikwe. Baada ya hapo muuguzi aitwe faraghani, na inchaji aanze kwa kuuliza kabla ya kuhukumu. Je, vichupa viwili vya dawa tofauti vinafanana na vimewekwa rafu moja? Alikuwa na wagonjwa wangapi? Alikuwa ameunganisha zamu ngapi? Mara nyingi utakuta kosa lilikuwa likimsubiri yeyote ambaye angekuwa zamu siku hiyo. Tusichanganye mambo, lakini. Anayeiba dawa au kumpiga mama anayejifungua hakuteleza, na inchaji anayemfichia kwa jina la upole anawasaliti wagonjwa. Huyo ni wa hatua za nidhamu, na likibidi afikishwe Baraza la Uuguzi na Ukunga.

Ratiba ya zamu nayo ni uongozi, ingawa huchukuliwa kama karatasi tu ya kujaza majina. Utafiti ulioongozwa na Linda Aiken na kuchapishwa 2014, uliohusisha wagonjwa wa upasuaji zaidi ya 420,000 katika nchi 9 za Ulaya, ulionyesha kwamba kila mgonjwa mmoja anayeongezwa kwenye mzigo wa muuguzi unahusiana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Inchaji hawezi kuajiri. Anachoweza ni kutomwacha muuguzi mgeni peke yake usiku, na kuandika kwa maandishi anapozidiwa badala ya kunung'unika kwenye korido. Aijue na sheria pia: Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumpangia mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Halafu kuna Idi na Krismasi. Wauguzi hukumbuka kwa miaka nani alipangiwa sikukuu na nani hakuwahi kupangiwa.

Na zoezi moja gumu kwa aliyezoea kushika kila kitu: amwachie msaidizi wake wodi wiki nzima wakati yeye mwenyewe yupo kazini. Asiingilie isipokuwa usalama wa mgonjwa uko hatarini. Ataona mambo yakifanywa tofauti na anavyopenda, mengine vibaya, na machache vizuri kuliko yeye. Ijumaa wakae wawili waongee. Wanaofanya hivyo mara kwa mara hawaogopi kwenda likizo.

Kwa msomaji ambaye si muuguzi, haya yana matumizi ya moja kwa moja. Ukiwa na ndugu aliyelazwa na jambo haliendi sawa, anza kwa kumwona muuguzi aliye zamu. Usiporidhika, omba kuonana na Muuguzi Mfawidhi wa wodi, na kama ni usiku au sikukuu, ulizia msimamizi wa zamu wa hospitali. Mweleze kitanda, saa, na kilichofanyika au kisichofanyika, kwa maneno yasiyo ya matusi. Ukiambiwa "mpaka inchaji arudi Jumatatu", uliza ni nani amekaimu nafasi yake leo.