Imani ndani ya timu ya programu: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: Timu isiyoripoti makosa ndiyo timu bora.

Mara nyingi ni timu yenye woga tu. Katika miaka ya 1990, mtafiti wa Marekani Amy Edmondson alilinganisha timu za wauguzi akakuta zile zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Maelezo yake: hawakuogopa kusema. Kwenye programu, hitilafu iliyotajwa mapema huenda ikarekebishwa kwa mistari michache. Ikifichwa hadi siku ya kutoa toleo, tayari kuna mengine yamejengwa juu yake.

Dhana: Aliyeharibu aadhibiwe ili wengine wajifunze.

Watakachojifunza ni kuficha. Tarehe 31 Januari 2017, mhandisi wa GitLab, kampuni inayotunza msimbo (maandishi ya programu) wa wateja mtandaoni, alikuwa akihangaika usiku na hifadhidata ya akiba iliyoachwa nyuma na ile kuu. Alikusudia kufuta folda ya data kwenye seva ya akiba, amri akaipiga kwenye seva kuu. Alipogutuka, kati ya GB 300 hivi zilikuwa zimebaki 4.5.

Ukiishia kwa "nani alibonyeza?", hayo mengine huyaoni. Nakala za kila siku zilikuwa zikishindwa kwa sababu ya toleo lisilolingana la zana ya kunakili, na barua pepe za kuonya zilikuwa zikikataliwa zisimfikie mtu. Kilichookoa jahazi ni nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa sita hivi kabla. Kampuni iliyaweka yote hadharani, na miongoni mwa marekebisho ilikuwa kufanya skrini ya seva ionyeshe wazi uko kwenye mashine ipi.

Kwako, ajali ikitokea, fanya kikao ndani ya siku mbili, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Andikeni kwanza mfuatano wa matukio kwa saa na dakika, ndipo mjadili sababu. Kila rekebisho lipewe mtu mmoja na tarehe. Yasiyo na mwenyewe huozea kwenye faili, na ajali ijayo watu watakuja kikaoni kutimiza wajibu tu.

Dhana: Kiongozi akisema "sijui" heshima yake inashuka.

Inashuka akibahatisha mbele ya watu wanaojua. Sema hujui, na useme utaleta jibu lini.

Dhana: Kumwamini mtu ni kumwachia kila kitu.

Huko ni kumtelekeza. Mwambie mapema nini anaamua peke yake (mpangilio wa msimbo wake, majaribio) na nini aulize kwanza (muundo wa hifadhidata, kubadilisha maktaba kuu, yaani msimbo wa wengine ambao programu inautegemea). Ukishampa, usimvizie usiku ukauandika upya msimbo wake. Weka maoni yako kwenye ukaguzi wa msimbo kama kila mtu, ukitenganisha lazima na pendekezo. La sivyo atachukulia kila neno la bosi kuwa amri.

Dhana: Kikao cha wawili, kiongozi na mwanatimu, ni cha kuuliza kazi imefika wapi.

Hilo liko kwenye ubao wa kazi. Dakika 30 kwa wiki zinatosha, ila zisiwe za kwanza kufutwa mambo yakibana. Ukiahirisha, taja saa nyingine wiki hiyohiyo. Muulize: "Nini kinakukwamisha ninachoweza kukiondoa?" Kiandike mbele yake. Wiki ijayo anza na hicho, hata kama jibu ni kwamba limeshindikana.