Leseni ya uhandisi kutambuliwa nje ya nchi: maana yake

Mhandisi anapogonga muhuri kwenye mchoro wa daraja, anasema jambo moja: hesabu hizi nimezipitia, na likitokea la kutokea niulizwe mimi. Ruhusa ya kugonga muhuri huo ndiyo leseni. Huitoa bodi ya usajili kwa sheria ya mahali pale, na mpakani ndipo nguvu yake inapoishia. Marekani hata kutoka nje ya nchi si lazima: kila jimbo lina bodi yake, na mwenye leseni ya Texas haidhinishi michoro ya jengo la California mpaka asajiliwe huko.

Kutambuliwa kimataifa ni bodi moja kukubali kazi ya uchunguzi iliyokwisha kufanywa na nyingine, ili mhandisi asianze upya. Linalowaponza wengi ni kudhani kwamba shahada ikitambuliwa, basi na leseni imetambuliwa.

Makubaliano ya Washington ya 1989 yanahusu shahada tu. Yalianzishwa na vyombo vya nchi sita: Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia na Nyuzilandi; Afrika Kusini iliingia 1999. Wanachama hukubaliana kwamba programu za masomo zenye ithibati ya mmoja wao zina uzito sawa na za wenzake. Tazama vizuri mwaka wako wa kuhitimu, kwa sababu kwa kawaida utambuzi haurudi nyuma kabla ya nchi kuwa mwanachama. Mafundi sanifu wana makubaliano yao, ya Dublin, ya 2002.

Umahiri kazini hupimwa kwingine: Mkataba wa Kimataifa wa Wahandisi Wataalamu, na ule wa nchi za APEC, yaani jumuiya ya ushirikiano wa kiuchumi ya Asia na Pasifiki. Hapo hudaiwa angalau miaka 7 ya kazi tangu kuhitimu, na kati yake miwili uwe umebeba dhamana ya kazi kubwa ya uhandisi.

Hata ukiwa na yote hayo, leseni bado huombwa. Kinachopungua ni safari: huenda ukasamehewa mtihani wa kitaalamu, ukabakiwa na sheria na kanuni za ujenzi za huko. Naona ni haki kabisa. Aliyezoea kupiga hesabu za paa lisilojua theluji hana budi kujifunza uzito wake kabla ya kuidhinisha paa litakaloibeba. Wakati anasubiri, sehemu nyingi humruhusu kusanifu chini ya mhandisi aliyesajiliwa pale, na muhuri unaogongwa ni wa huyo mwenyeji.