Barabara kuu mpya itapunguza foleni? Mambo ya kuangalia kabla ya kuunga mkono mradi

Mtu anayeishi pembezoni mwa jiji na kufanya kazi katikati yake hupanga maisha kwa kufuata foleni. Anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, watoto bado wamelala, anafika mapema mno na kusinzia kwenye kiti cha gari hadi ofisi ifunguliwe. Jirani yake amechoka na usukani, gari ameliacha uani, anapanda basi. Wa tatu hukata vichochoroni, akiyumba kwenye mashimo ili aikwepe barabara kubwa. Wa nne aliitwa kazini upande wa pili wa jiji, kwa mshahara mzuri, akakataa kwa sababu asingeweza kwenda na kurudi kila siku.

Ukisimama kwenye daraja la waenda kwa miguu saa moja na nusu asubuhi ukahesabu magari, hawa wanne huwaoni. Hawamo kwenye foleni. Lakini wapo, na wanaisubiri ipungue.

Sasa jiji linafungua barabara kuu mpya, njia tatu kila upande. Wiki za mwanzo gari linateleza, na habari zinasambaa haraka. Yule wa alfajiri anaanza kutoka saa moja, baada ya kunywa chai na wanawe. Wa pili anarudi kwenye gari lake. Wa tatu anaachana na vichochoro. Wa nne, kazi kama ile ikitokea tena, anaikubali. Kila mmoja ametumia akili, na hakuna wa kulaumiwa. Ila wote wameingia barabarani saa ileile, na kabla ya miaka mingi kupita foleni imerudi palepale, safari hii ikiwa pana zaidi.

Jambo hili limejulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1962 mchumi wa Marekani, Anthony Downs, aliandika kwamba kwenye barabara za kasi za mijini msongamano wa saa za kilele hukua hadi ukaijaza nafasi iliyoongezwa. Uingereza, kamati ya washauri wa serikali kuhusu tathmini ya barabara kuu ilikiri mwaka 1994 kwamba barabara mpya huzaa safari mpya, ingawa hesabu rasmi za miradi zilikuwa zikifanywa kana kwamba hazizai. Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha uchambuzi wa miji mikubwa ya Marekani uliotumia takwimu za miaka 1983, 1993 na 2003. Waligundua kwamba urefu wa barabara kuu ukiongezeka kwa asilimia fulani, kilomita zinazoendeshwa na magari huongezeka kwa karibu asilimia hiyohiyo.

Mfano unaotajwa sana ni wa Houston, Marekani. Barabara ya Katy ilipanuliwa kati ya mwaka 2003 na 2008 kwa gharama ya karibu dola bilioni 2.8, na ukijumlisha barabara za pembeni ina sehemu zenye njia 26. Haikuchukua miaka kumi, safari za saa za kilele zikaanza kurefuka tena. Inavunja moyo kuona fedha za umma za kiasi hicho zikinunua nafuu ya miaka michache.

Kwa nini foleni huja ghafla, wakati jana njia ilikuwa safi? Mwaka 2008 watafiti wa Japani walichapisha jaribio linaloeleza vizuri kuliko maneno yangu. Waliweka magari 22 kwenye duara lenye mzingo wa mita 230 na kuwaomba madereva waendeshe kwa kilomita 30 kwa saa. Hapakuwa na taa, makutano wala ajali. Kwa muda kidogo magari yalizunguka vizuri. Kisha mmoja akapunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akakanyaga breki zaidi, wa nyuma zaidi akasimama kabisa. Foleni ikazaliwa, ikawa inasafiri kinyumenyume kuzunguka duara, huku kila gari likisimama na kuondoka kwa zamu.

Njia moja ya barabara kuu hupitisha takribani magari 2,000 kwa saa, na idadi hiyo ikishavukwa mtiririko huvunjika. Magari yanayopita hupungua wakati huohuo ambapo yanayotaka kupita ni mengi zaidi. Somo lake lina pande mbili. Magari machache ya ziada hutosha kuharibu asubuhi nzima, na machache yakiondolewa, barabara ileile huamka. Kwa hiyo huhitaji kuhamisha nusu ya madereva ili watu wapumue.

Hapa niseme jambo ambalo wapinzani wa barabara hulipita haraka. Yule wa nne aliyepata kazi amefaidika kweli. Anayekunywa chai na wanawe amefaidika kweli. Safari mpya si hasara, kwa kuwa watu husafiri wakiwa na sababu. Ninachokataa ni kuuza mradi kwa jina la kumaliza foleni halafu kuwakabidhi wananchi kitu kingine. Kama faida ya barabara ni kuwafikisha watu kwenye kazi, hospitali na masoko, basi isemwe hivyo, ihesabiwe hivyo, ipimwe na njia nyingine za kuwafikisha hukohuko kwa fedha zilezile.

Zipo barabara mpya ambazo ningeziunga mkono bila kusita. Barabara ya mchepuo inayoyatoa malori ya masafa marefu katikati ya jiji ni mojawapo, mradi isifunguliwe viingilio kila baada ya mita mia kadhaa na kugeuzwa mtaa wa biashara. Nyingine ni daraja mahali ambapo mto au reli imekata eneo vipande viwili na kuwalazimisha watu kuzunguka kilomita nyingi. Na kuna aina ya tatu, ambayo kwa jiji linalokua naiona kuwa ya lazima kuliko zote: mtandao wa barabara za kati. Katika majiji mengi yanayopanuka haraka, mitaa mipya huunganishwa na jiji kwa barabara moja tu. Ukitaka kwenda mtaa wa jirani, kilomita mbili tu kutoka kwako, sharti uingie barabara kuu, ukageuzie mbele, urudi. Sehemu ya foleni unayoiona pale imetengenezwa na watu waliokosa njia za kupitia ndani. Barabara kumi za kawaida zenye njia ya miguu, mitaro na vivuko, zinazokutana kama nyuzi za wavu, hufanya kazi ambayo barabara kuu moja haiwezi. Hazipigiwi picha wakati wa uzinduzi, ndiyo maana hukosa wa kuzitetea.

Barabara kuu pia hubadilisha mahali watu wanapoishi, na hili huchelewa kuonekana. Tangazo la mradi likitoka, viwanja vya kando yake huanza kuuzwa. Anayetafuta nafasi ya kujenga anakwenda mbali zaidi kwa kuwa barabara imefanya mbali kuwa karibu. Mabomba ya maji, nguzo za umeme, shule na zahanati vinalazimika kuwafuata. Miaka kumi baadaye una maelfu ya familia ambazo haziwezi kufanya lolote bila gari, na huwezi kuwaambia warudi.

Tuirudie hesabu ya pale darajani, safari hii tukihesabu vichwa. Magari 2,000 kwa saa katika njia moja, kila gari likiwa na mtu mmoja na nusu kwa wastani, ni watu 3,000. Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, ilianzisha mabasi yaendayo haraka Desemba 2000, yakiwa na njia zake, vituo vya kulipia kabla ya kupanda, na nafasi ya basi moja kulipita jingine. Sehemu zake zenye abiria wengi husafirisha zaidi ya watu 40,000 kwa saa kwa upande mmoja. Ndani yake hujaa sana, na wananchi wake wana haki ya kulalamika. Lakini kwa upande wa nafasi hakuna wingi wa njia za magari binafsi unaoweza kufika hapo bila kubomoa jiji lenyewe. Kwa hiyo barabara kuu ikijengwa, njia ya mabasi itengwe kwenye michoro ya kwanza. Kuja kuwanyang'anya madereva njia waliyokwisha kuizoea ni vita ambayo wanasiasa wachache hukubali kuipigana.

Njia inayofanya kazi haraka kuliko zote ni ile isiyopendwa: kulipia nafasi ya barabara saa za kilele. Singapore ilianza mwaka 1975, London mwaka 2003. Stockholm ilifanya majaribio kati ya Januari na Julai 2006, na magari yanayovuka mpaka wa eneo la katikati yalipungua kwa karibu asilimia 20, jambo lililotosha kufupisha foleni kwa kiasi ambacho kila mtu alikiona. Kabla ya majaribio wengi walipinga. Septemba mwaka huohuo, baada ya kuishi na tozo hiyo, zaidi ya nusu ya wapiga kura wa jiji waliikubali, na mwaka 2007 ikawa ya kudumu. Wengine husema tozo humwonea mwenye kipato kidogo. Hoja hiyo ni nzito pale ambapo basi la uhakika halipo. Stockholm iliongeza mabasi miezi kadhaa kabla ya kutoza hata senti moja, na mpangilio huo haupaswi kugeuzwa.

Seoul ilikwenda mbali zaidi. Kati ya mwaka 2003 na 2005 ilibomoa barabara ya juu iliyofunika mto Cheonggyecheon, iliyokuwa na barabara nyingine chini yake, huku jiji likipanga upya huduma ya mabasi. Wengi walitarajia jiji lisimame. Halikusimama. Safari nyingine zilihamia kwingine, nyingine kwenye mabasi na treni, nyingine zikaachwa, na leo watu hutembea kando ya maji pale palipokuwa na nguzo za zege.

Jiji changa lina nafasi ambayo majiji ya zamani yameshaipoteza. Hifadhi ya barabara inaweza kupimwa na kuwekewa mawe ya mipaka leo, wakati bado ni mashamba, hata kama ujenzi utafanyika baada ya miaka 20. Ukisubiri, utalipa fidia ya nyumba, na utavunja maisha ya watu waliojenga kwa nia njema. Kutenga ardhi hakumlazimishi mtu kuweka lami. Ukanda huohuo unaweza kuja kuwa njia ya reli, ya mabasi au ya baiskeli.

Mkialikwa kwenye mkutano wa wadau kuhusu mradi wa aina hii, ombeni kuona upembuzi yakinifu wenyewe, hasa jedwali linalokadiria magari ya miaka 20 ijayo. Huwa na safu mbili, ya jiji bila mradi na ya jiji lenye mradi. Angalieni jumla ya safari katika safu hizo. Kama zinalingana, aliyefanya hesabu amechukulia kwamba hakuna atakayebadilisha saa ya kutoka, chombo cha kusafiria, kazi wala makazi kwa sababu ya barabara hiyo, na muda wote unaodaiwa kuokolewa umesimama juu ya dhana hiyo. Yule anayesinzia kwenye gari kabla ya ofisi kufunguliwa hayumo. Ombeni hesabu irudiwe akiwa ndani yake, kabla mkataba haujasainiwa.