Sukari huru ni ipi, na mbona asali nayo imo

Jioni ukipita Mama Ngina hapa Mombasa utatuona, raba miguuni na buibui juu, mikono inakwenda kama tunapiga kwata, tunatoka upande wa feri mpaka Lighthouse na kurudi, dakika 40 hivi, na jasho linatutoka kwelikweli. Alafu tukimaliza tunasimama wapi? Kwa yule wa miwa. Anaipitisha miwa kwenye mashine na ndimu na tangawizi, glasi ya kwanza, ya pili manake kiu haijakatika, na shoga yangu mmoja glasi iko mdomoni anatwambia "mie sukari nimekata, mwezi wa tatu huu, hata chai natia asali." Skuweza kumjibu pale pale kwa sababu na mie nlikuwa nimeshika yangu.

Basi hapo ndo penye hili neno, sukari huru. Ni sukari yoyote iliyotiwa kwenye chakula au kinywaji, iwe imetiwa kiwandani, mkahawani au na wewe mwenyewe hapo jikoni kwako, na pia ile iliyomo kwenye asali, shira na maji ya matunda yaliyokamuliwa. Hicho kipande cha mwisho ndo watu hukiruka. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa sukari mwaka 2015 lilihesabu hivo hivo, asali imo, juisi imo hata kama hukutia chembe ya sukari. Zilizoachwa nje ni sukari ya tunda zima unalolila lilivyo na ile ya kwenye maziwa.

Kwa nini tunda zima liachwe? Chungwa sukari yake imefungwa na nyama yake na nyuzinyuzi, utafune, tumbo nalo lichambue polepole, ukila mawili ushatosheka. Ukilikamua, glasi moja inameza machungwa matatu manne na unaimaliza kwa pumzi moja umesimama, tena baada ya nusu saa una njaa. Muwa ndo zaidi. Mtu akae barazani autafune kwa meno, pingili mbili tu taya zinamuuma anauweka chini, lakini mashine haina taya, na glasi ya mililita 250 inaweza kuwa na gramu 30 za sukari au zaidi hata kama muuzaji hakuongeza kitu.

Sasa kiwango. Mwongozo ule unasema sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati yote unayokula kwa siku, na ukishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, kama vijiko vya chai 12, na asilimia 5 ni gramu 25, vijiko 6. Unaona 12 ni vingi eeh? Hebu hesabu kwa desturi zetu. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, na kwetu kuna wanaotia mpaka kijiko kinakaribia kusimama chenyewe, ya saa kumi vitatu tena, mchana pale kazini soda ya nusu lita, ambayo mara nyingi ina gramu 50 na kitu, yaani soda peke yake ishamaliza siku nzima na hujafika kwa wa miwa. Na sijagusa mahamri, wala mabuyu yale mekundu, ambayo ubuyu wenyewe hauna neno, ubaya ni sukari na rangi iliyoganda juu.

Asali nayo, kunradhi shoga yangu, kijiko cha chai cha asali kina sukari karibu gramu 6, cha sukari nyeupe kina kama 4. Asali ni nzito ndo maana. Ni tamu zaidi pia, kwa hivo ukitia nusu kijiko hapo sawa, lakini yeye anatia viwili!

Kwenye futari huulizwa tende. Tende nzima si sukari huru, ina nyuzinyuzi zake, ila ni tamu mno, zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa hivo tatu za kufungulia sawa, sahani nzima hapana. Mie hofu yangu si tende, ni kaimati zilizoogeshwa shira, tambi za sukari, na lile jagi la sharubati linalojazwa mara mbili, vyote mkeka mmoja.

Na mazoezi? Wengi tunadhani tukishatembea tumelipa. Gramu moja ya sukari ni kalori 4, glasi mbili za miwa tuseme ni gramu 60 kwa uchache, kalori 240 hizo, na mtu wa kilo 70 akitembea haraka dakika 40 anachoma kama 200. Tumekunywa kuliko tulivyotembea. Lakini matembezi si bure, misuli ikifanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na ndo maana hata kutembea kidogo baada ya kula kunasaidia isipande sana. Vile vinywaji vya wanamichezo vinamfaa anayekimbia zaidi ya saa nzima, sisi wa dakika 40 maji yanatosha, au dafu, ambalo sukari yake ni kama robo ya soda kwa kipimo kile kile.

Mwenye kisukari anayedunga insulini au kumeza dawa, hii hesabu asiichukue nzima nzima, sukari yake inaweza kushuka ghafla akiwa njiani, kwa hivo azungumze na daktari wake kwanza na atembee na kitu kitamu mfukoni. Chapati na ugali si sukari huru lakini ni wanga, tumboni vinageuka sukari, hiyo ni hesabu ya pembeni.

Mie nlianza na chai, nusu kijiko napunguza kila wiki, ulimi unazoea taratibu, sasa niko kijiko kimoja na hapo nimekwama. Kwa wa miwa naitisha glasi ndogo, ndimu nyingi. Shoga nlimweleza habari ya asali juzi tukiwa Lighthouse, akanyamaza kidogo, alafu akaniuliza, "basi na sukari guru je?"

Nayo imo.