Skima ya protini: inachotoa na isichotoa kwenye tangi la maji ya bahari

Simu ninayopigiwa mara nyingi kuliko zote inahusu kikombe cha skima, yaani kile chombo cha juu kinachokusanya uchafu ambao kifaa hiki huutoa majini kwa povu. "Fundi, skima inatoa maji meusi kama kahawa, mbona nitrati bado iko juu?" Kwa kifupi, skima haigusi nitrati. Ili uone kwa nini, fuatana nami hadi ndani ya bomba lake.

Mabaki ya chakula, kinyesi, ute wa samaki na wa matumbawe huyeyuka majini yakawa protini, mafuta na takataka nyingine usizoziona. Nyingi kati ya molekuli hizo zina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia. Zikikutana na kiputo cha hewa hunasa kwenye ukuta wake. Basi skima inachofanya ni kusaga hewa iwe viputo vidogo mno, kuvikorogea kwenye maji ya tangi, na kuviacha viende juu polepole. Vikifika kwenye shingo ya bomba husongamana vikawa povu, maji yakachuruzika kurudi chini, na povu zito likamwagikia kikombeni. Pita Coco Beach siku upepo wa kusi unapovuma kwa nguvu, utakuta povu la rangi ya krimu limerundikana mchangani. Ni jambo lilelile, ila pale pampu ni mawimbi.

Faida yake ni kwamba uchafu unatoka kabla haujaoza. Ukibaki, bakteria huuvunja ukawa amonia, halafu nitriti, mwisho nitrati. Ukishafika hapo povu haliupati tena, kwa sababu nitrati, sawa na fosfati iliyokwisha kuyeyuka, haishikani na kiputo. Mwenye kikombe cheusi na nitrati ya juu anachotakiwa ni kubadilisha maji na kupunguza mkono kwenye chakula. Weusi wa kikombe unakuambia kilichotoka tu, si kilichobaki.

Na kinachobaki si kidogo. Mwaka 2009 Ken Feldman, mwanakemia wa Penn State kule Marekani, pamoja na wenzake walichapisha vipimo vya skima za aina mbalimbali. Ziliondoa kama robo hivi ya kaboni yote iliyotokana na mabaki ya viumbe majini, kisha zikafika ukomo hata zikiendelea kuzunguka. Kwa hiyo mteja akiniuliza kama anunue skima ya tangi kubwa mara tatu ya lake, namwambia pesa hiyo aiweke kwenye chumvi nzuri na pampu ya akiba.

Wenye samaki wa maji baridi, msihangaike na kifaa hiki. Katika maji yasiyo na chumvi viputo huungana upesi vikawa vikubwa, hupanda haraka na kupasuka bila kubeba kitu cha maana. Hili linawahusu pia wanaochota maji baharini. Wakati wa masika, maji ya karibu na mdomo wa Msimbazi yana tope na chumvi pungufu, sembuse yale mengine yanayoshuka na mto. Chota mbali na hapo, upime kwanza. Uzito wa maji, ukilinganishwa na maji yasiyo na chumvi, ukiwa karibu na 1.025 uko salama.

Kwa joto la Dar, mimi naithamini skima kwa oksijeni karibu sawa na kwa uchafu. Maji ya bahari ya nyuzi 25 hubeba kama miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 ni kama 6.2. Usiku mwani na matumbawe nayo yanavuta oksijeni badala ya kuitoa. Kwa hiyo anayezima skima usiku ili kubana umeme wa Luku anaizima saa ambayo samaki wanaihitaji zaidi. Na kama chumba kina kiyoyozi na madirisha hayafunguliwi, pitisha mpira wa hewa wa skima hadi nje. Kabonidioksidi ya watu waliomo ndani hushusha pH ya tangi, yaani maji huelekea kwenye asidi.

Skima mpya huchukua siku kadhaa kabla ya kutulia, iache. Povu likikata ghafla baada ya kulisha au baada ya kuingiza mkono wenye mafuta, litarudi lenyewe. Shingo isafishwe mara mbili kwa wiki, kwani utando wa grisi huzuia povu kupanda. Tundu la hewa likiziba kwa chumvi, lipitishie maji ya uvuguvugu.

Tabu kubwa zaidi kwetu ni umeme kukatika. Pampu ya kurudisha maji ikisimama, maji ya tangi la juu hushukia tangi la chini, ambamo skima imekaa, na kina chake hupanda. Umeme ukirudi, skima inaanza kazi ikiwa imezama kupita kiasi, kikombe kinafurika, na uchafu wote unarudi ulikotoka. Funga swichi ya kuchelewesha ili skima iwake dakika kama kumi baada ya pampu kuu, kina kikiwa kimerudi mahali pake. Kwenye betri ya akiba usiiunganishe skima. Unganisha pampu ya mzunguko, au hata kipampu kidogo cha hewa.