Isome karatasi ya baraza kabla hujaenda mahakamani

Mama mmoja alikuja kituoni kwetu na hukumu mbili ndani ya bahasha ya kaki. Ile ya mahakama ya mwanzo ilimpa talaka na sehemu ya nyumba. Ile ya rufaa ilifuta yote. Yeye aliamini mume kahonga. Kumbe tatizo ni karatasi aliyopewa na baraza la usuluhishi wa ndoa, mistari miwili tu: “Tumewasikiliza. Waendelee mbele.” Muhuri upo, saini ipo, ila hakuna palipoandikwa kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha.

Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakiruhusu kufungua shauri la talaka kabla mgogoro haujapita Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na baraza likathibitisha kwamba limeshindwa kusuluhisha. Hati yake, Fomu Na. 3, isizidi miezi 6 hadi siku ya kufungua shauri. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilikazia kwamba pasipo hati hiyo shauri limefunguliwa kabla ya wakati. Hapo talaka ikianguka, mgawanyo wa mali unaanguka nayo, maana kifungu cha 114 kinataka kwanza iwepo talaka au amri ya kutengana. Miaka ya kwenda na kurudi kortini inapotea hivyo, na mwenye haki ndiye anayeumia zaidi.

Sheria imeacha milango michache ya kwenda mahakamani bila hati hiyo, kwa mfano: mwenzako katoroka na hujui aliko, kaitwa barazani akakaidi kwa makusudi, au kafungwa miaka 5 na kuendelea. Ukipitia mlango huo, ueleze kwenye maombi yako na uje na ushahidi.

Vipi barua ya shehe au padri? Jumuiya za dini zinaweza kuwa na mabaraza yanayotambuliwa kisheria, lakini barua ya kiongozi peke yake si hati ya baraza. Kwa hiyo ukikabidhiwa karatasi, isome palepale mbele ya katibu. Kama haisemi usuluhishi umeshindikana, mrudishie, hata akinuna.

Yule mama ameanza upya barazani. Risiti zake za mabati na saruji zilibaki kwenye jalada la shauri la kwanza, kwa hiyo tumemwandikia barua ya kuomba arudishiwe vielelezo vyake.